Kufuta faili za muda kwenye kompyuta ya nyumbani bila kupoteza kazi yako

Faili ya muda ni faili ambayo programu hujitengenezea kwa matumizi yake ya ndani, kwa nia ya kuiondoa kazi itakapokwisha. Unapoandika waraka, unaposakinisha programu mpya, unapofungua kifurushi kilichobanwa au unapochapisha ukurasa, kuna vipande vinavyoandikwa pembeni kwenye diski bila wewe kuambiwa. Nia hiyo ya kuviondoa haitimizwi kila mara: umeme hukatika, programu hukwama ikafungwa kwa nguvu, kisakinishi husahau kujisafishia, na vile vipande hubaki. Baada ya mwaka mmoja au miwili vinaweza kufikia gigabaiti kadhaa. Kwenye diski kubwa hilo halina uzito, lakini huumiza kwenye kompyuta mpakato yenye diski ya GB 128, ambayo hata ikiwa tupu Windows huionyesha kuwa ya GB 119, kwa kuwa mtengenezaji wa diski huhesabu kwa maelfu kamili na Windows huhesabu kwa 1,024.

Kuziondoa si kazi ngumu, wala hatari yake haimo katika faili za muda zenyewe, kwa kuwa programu iliyozitengeneza inaweza kutengeneza nyingine. Hatari imo katika vitu visivyo vya muda vilivyoorodheshwa pamoja nazo, na zaidi katika kazi ya mtu iliyojificha miongoni mwao bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kutazama, na sehemu ndogo tu inahusu kufuta. Nimechukua mifumo ya Windows 10 na Windows 11, na majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza ndani ya alama za nukuu, ili uyaone hapa kama utakavyoyaona kwenye skrini.

Kwanza hakikisha kwamba kuna haja. Fungua "File Explorer", kisha "This PC", uutazame mstari ulio chini ya jina la diski C. Mstari huo huwa wa buluu, na hugeuka mwekundu nafasi iliyobaki inapokuwa chini ya asilimia 10. Ukiwa wa buluu, usitarajie kwamba kufuta faili za muda kutaongeza kasi ya kompyuta, ingawa wauza programu za usafishaji hawachoki kuahidi hivyo. Faili iliyolala kwenye folda haimsumbui mtu. Ukiwa mwekundu, mambo ni mengine. Windows huhitaji nafasi ya kupakulia masasisho, ya kuyafungua, na ya kuhamishia vitu visivyotosha kwenye kumbukumbu wakati programu nyingi ziko wazi, na ikiikosa nafasi hiyo ndipo kompyuta huanza kujikokota na masasisho ya usalama hushindwa kuingia.

Kabla ya kufuta chochote

Funga programu zote, kisha uiwashe kompyuta upya kwa kuchagua "Restart". Usitosheke na kuizima na kuiwasha, maana kwenye kompyuta nyingi "Shut down" haiuzimi mfumo wote: sehemu ya kiini chake huhifadhiwa kwenye diski ili uwakaji unaofuata uwe wa haraka, ilhali "Restart" huanza upya kabisa. Tofauti hiyo ina maana hapa kwa sababu visakinishi na masasisho kadhaa huacha faili kwenye folda ya muda zikisubiri kompyuta iwashwe upya ndipo yamalizie kazi, na ukizifuta kabla ya hapo unaweza kubaki na programu iliyoingia nusu, isiyofunguka wala isiyoondoka. Kama ni kompyuta mpakato, ichomeke kwenye umeme, kwa kuwa usafishaji wa masasisho ya zamani unaweza kuchukua muda mrefu na si vizuri ukatizwe katikati.

Ikiwa umeme ulikatika hivi karibuni ukiwa unaandika, usifute lolote mpaka uwe umeifungua tena programu uliyokuwa ukiitumia. Word, usipokuwa umebadilisha mpangilio wake, huhifadhi nakala ya tahadhari kila baada ya dakika 10, na ukiifungua baada ya kuzimika ghafla hukuonyesha nyaraka ilizoziokoa. Ihifadhi kila unayoihitaji kwa jina lake na mahali unapopajua. Waraka ambao hukuwahi kuuhifadhi hata mara moja hutafutwa kwa njia nyingine: nenda "File", kisha "Info", kisha "Manage Document", halafu "Recover Unsaved Documents". Nakala hizi za tahadhari zinaweza kupotea mikononi mwa mtu anayesafisha kwa haraka, na mara nyingi mtu huyo ni ndugu aliyekuja kusaidia.

Kuna kazi nyingine hujificha kwa utulivu zaidi. Chukua mfano wa mwalimu aliyetumiwa rasimu ya mtihani kwa barua pepe, akaifungua moja kwa moja kutoka kwenye ujumbe, akasahihisha maswali, akabonyeza Ctrl na S, akafunga. Machoni pake kazi imehifadhiwa, na kweli imehifadhiwa, lakini si mahali anapodhani. Baadhi ya programu za barua pepe, pamoja na programu za kufungulia vifurushi vya ZIP na RAR, huiweka faili iliyofunguliwa kwa namna hiyo ndani ya folda ya muda, na masahihisho yote yakaandikwa hukohuko. Siku mbili baadaye anautafuta mtihani kwenye "Documents" na hauoni; na ikiwa katikati hapo kompyuta imesafishwa, hataupata popote.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta, itafute kazi yako. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R, andika %temp% kwenye kisanduku kitakachotokea, kisha bonyeza Enter. Folda itakayofunguka ndiyo folda yako ya muda. Kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu kulia, andika *.docx usubiri, maana utafutaji huingia hadi folda za ndani. Kisha rudia kwa *.xlsx, *.pptx, *.pdf na *.jpg. Ukikuta jina unalolitambua, nakili faili hiyo kwenye "Documents" na uifungue ikiwa huko ili uwe na hakika kwamba maandishi yamo. Majina yanayoanza na alama za ~$ yasikutie wasiwasi, kwa kuwa hayo ni vivuli tu ambavyo Word na Excel huweka kuonyesha kwamba waraka umefunguliwa na nani, na hayana kazi yako ndani. Ikiwa kompyuta ni ya familia na kila mmoja ana akaunti yake, kumbuka kwamba kila akaunti ina folda yake ya muda, na mwenye akaunti ndiye mwenye kujua lipi ni lake.

Njia ya Windows yenyewe

Njia ninayoipendekeza kwa mtu wa kawaida ni ile iliyojengwa ndani ya mfumo. Fungua "Settings", kisha "System", kisha "Storage", halafu bofya "Temporary files". Kompyuta itachunguza diski kwa muda mfupi na kukuletea orodha yenye visanduku vya kutia tiki, kila kimoja kikiwa na ukubwa wake pembeni. Usibofye "Remove files" kabla ya kuisoma orodha yote, kwa sababu kinachofutwa kupitia ukurasa huu hakipiti kwenye pipa la taka, na hakuna kitufe cha kukirudisha.

Cha kutazamwa kwanza kabisa ni "Downloads". Kimewekwa kwenye orodha ya faili za muda, nami naona haikuwa busara kukiweka hapo, kwa sababu kwa watu wengi folda hiyo ndiyo kabati la nyumba: humo mna barua za kazi, risiti za kodi, vyeti vilivyopigwa skani, fomu za shule na picha zilizotumwa na jamaa. Kisanduku chake kwa kawaida huja bila tiki. Kiache hivyo. Ikiwa folda hiyo imejaa, ifungue mwenyewe kwa siku yake, upange faili kwa ukubwa, uhamishe unazozitaka, ufute visakinishi ulivyokwisha kuvitumia na video ulizokwisha kuzitazama. Mtu anayetia tiki kila kisanduku kwa sababu namba ya jumla inapanda vizuri, ndiye anayekuja kutafuta fundi jioni.

"Recycle Bin" ni pipa la taka la kompyuta. Lipitie kwa macho kabla ya kulimwaga. "Previous Windows installation(s)" huonekana baada ya kupanda toleo, kwa mfano kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, na mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote. Hiyo ni nakala ya mfumo wa zamani, inayokuwezesha kurudi nyuma toleo jipya likikukataa, na Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10. Kama umepanda toleo juzi na hujajaribu printa yako, spika na programu unazozitegemea, iache zile siku ziishe. Wengi wamekuwa katika hali hii tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Vilivyobaki havina mashaka makubwa. "Windows Update Cleanup" ni mabaki ya masasisho yaliyokwisha kupitwa na mapya. Ukiyaondoa hutaweza kurudi kwenye masasisho hayo ya zamani, jambo ambalo mtu wa nyumbani hulihitaji kwa nadra. "Delivery Optimization Files" ni vipande vya masasisho vilivyotunzwa ili kompyuta nyingine ziweze kuvichukua kwako badala ya kuvipakua upya. "Thumbnails" ni vijipicha vya kuonyeshea picha na video ndani ya folda. Vikifutwa hutengenezwa tena, na gharama yake ni kusubiri kidogo mara ya kwanza unapoifungua folda ya picha. "Temporary files", "Temporary Internet Files" na "DirectX Shader Cache" unaweza kuvitia tiki ukishamaliza ule utafutaji wa kazi yako. Sasa bofya "Remove files" na uiache kompyuta imalize.

Folda ya Temp kwa mkono

Baada ya hapo huenda kukawa na mabaki kwenye folda ya muda, na unaweza kuyaondoa mwenyewe. Ifungue tena kwa %temp%, uchague mwonekano wa "Details", kisha ubofye kichwa cha safu ya "Date modified" ili faili zipangike kwa tarehe. Ziache zote zilizoguswa ndani ya siku 7 zilizopita. Kanuni hii si yangu. Ndiyo aliyoifuata "Disk Cleanup", mtumishi wa zamani wa Windows ambaye huziacha faili za muda zilizobadilishwa ndani ya wiki moja, kwa hoja kwamba faili ambayo haijaguswa wiki nzima haina mwenye kuisubiri.

Chagua zile za zamani na ubonyeze Delete. Usitumie Shift na Delete kwa pamoja, kwa sababu njia hiyo hulipita pipa la taka. Ukitumia Delete peke yake, faili nyingi huenda kwenye pipa na hukaa humo mpaka utakapolimwaga, nawe unapata siku mbili tatu za kugundua kama kuna kitu kimekosekana. Nafasi kwenye diski haitaongezeka mpaka pipa limwagwe, basi usishangae ukiona namba haijabadilika. Soma pia onyo lolote linalosema kwamba faili ni kubwa mno na itafutwa moja kwa moja.

Katikati ya kazi kompyuta itakuambia kwamba faili fulani inatumika na programu nyingine. Hilo si kosa, wala si jambo la kupigana nalo. Weka tiki kwenye "Do this for all current items", kisha bofya "Skip", na uziache faili hizo kwa mwenyewe. Kuna programu zinazojisifu kwamba zinaweza kuifuta faili hata ikiwa imeshikiliwa. Kwa usafi wa folda ya muda hazihitajiki, kwa kuwa kushikiliwa huko ndiko kunakokuonyesha kwamba faili bado ina kazi. Folda nyingine ya muda iko C:\Windows\Temp, nayo ni ya mfumo wenyewe na huomba ruhusa ya msimamizi. Mimi huiachia ile njia ya "Settings".

Kivinjari na bando lako

Chrome, Edge na Firefox hutunza nakala za picha na vipande vya tovuti ulizotembelea. Ushauri unaosambaa sana ni kuifuta akiba hiyo kila wiki, na ni ushauri wa watu wenye intaneti isiyopimwa. Akiba hiyo ipo ili ukurasa unaoufungua kila siku usipakuliwe wote upya. Ukiifuta, kivinjari kitavuta tena nembo zilezile na picha zilezile, na kwa anayenunua bando hiyo ni pesa. Ifute pale tu ambapo diski imejaa, au ambapo tovuti fulani inaonyesha mambo ya zamani au haifunguki sawasawa.

Ukiamua kuifuta, bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja ukiwa ndani ya kivinjari. Chagua kipindi cha "All time" au kinachofanana nacho, kisha acha tiki kwenye picha na faili zilizotunzwa peke yake. Ondoa tiki kwenye vidakuzi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokutambulisha kwenye tovuti ulizoingia, na bila hivyo utatakiwa kuingia upya kila mahali, kwa nywila ambazo huenda huzikumbuki. Ukiona kisanduku cha nywila au cha taarifa za kujaza fomu, usikiguse. Tahadhari hii ni kubwa zaidi kama umeingia kwenye akaunti inayounganisha kompyuta na simu yako, kwa maana kumbukumbu za matembezi au nywila zilizofutwa upande mmoja hufutwa na upande wa pili.

Vya kuachwa mahali pake

Mtu akishaonja utamu wa kurudishiwa nafasi huanza kuangalia folda nyingine kubwa. Faili ya pagefile.sys ni mkono wa ziada wa kumbukumbu ya kompyuta. Faili ya hiberfil.sys ndiyo inayobeba hali ya kazi yako kompyuta inapolala usingizi mzito betri ikikaribia kwisha. Kuna amri ya kuiondoa, lakini mahali ambapo umeme hauaminiki mimi siwezi kumshauri mtu aitumie kwa ajili ya gigabaiti chache. Folda ya WinSxS, ghala la vipande vya Windows yenyewe, huonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa sababu faili nyingi zilizomo zinahesabiwa pia mahali pengine, na kuifuta kwa mkono kunaweza kuifanya Windows isiwake tena. C:\Windows\Installer hutunza vifurushi vinavyohitajika unapotaka kusasisha au kuondoa programu. Folda ya AppData, ukiondoa Temp iliyo ndani yake, imejaa mipangilio na data za programu, hivyo usiifute kwa jumla. Folda ya Prefetch, yenye kumbukumbu za kuharakisha ufunguaji wa programu, ni ndogo, na kuifuta huchelewesha tu programu kufunguka siku za mwanzo.

Kuhusu programu za usafishaji za kupakua, msimamo wangu ni kwamba nyumba ya kawaida haizihitaji, kwa kuwa kazi yake halali tayari inafanywa na Windows bila malipo. Hata zile zenye jina zimewahi kuwa mlango wa hatari: mwaka 2017 wahalifu waliingiza msimbo hasidi ndani ya toleo la 5.33 la CCleaner kabla halijasambazwa, likapakuliwa kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe likiwa na saini yake halali, na kampuni ikakadiria kwamba watumiaji milioni 2.27 walikuwa na toleo hilo. Kama lililo halali lilipatwa na hayo, lile linalopatikana likiwa limevunjwa leseni kwenye flashi ya jirani halina haja ya kujadiliwa. Na dirisha linaloruka kwenye tovuti likidai kuhesabu maelfu ya faili chafu kwenye kompyuta yako ni tangazo. Ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kuichunguza diski yako. Zipo pia programu zinazoahidi kusafisha rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio ya mfumo, nazo Microsoft yenyewe haiziungi mkono.

Kuiachia kompyuta kazi ya kila siku

Ukishaisafisha mara moja kwa mkono, unaweza kuwasha "Storage Sense", iliyopo kwenye ukurasa uleule wa "Storage". Ingia ndani ya mipangilio yake kabla ya kuiwasha. Pipa la taka lipe siku 30. Kwenye "Downloads" chagua "Never". Kama unatumia OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, soma sehemu yake kwa makini, kwa sababu inaweza kuziondoa kwenye diski faili ambazo hujazifungua kwa muda fulani na kuziacha mtandaoni peke yake. Hazijapotea, lakini siku utakayozihitaji bando likiwa limekwisha, zitakuwa mbali. Muda wa kufanya kazi uweke uwe pale nafasi inapopungua, au mara moja kwa mwezi.

Kisha iwashe kompyuta upya kwa "Restart", fungua programu mbili tatu unazozitumia sana ili uone kwamba zinafanya kazi, na uandike mahali kiasi cha nafasi iliyo wazi kwenye diski C. Itazame tena namba hiyo baada ya wiki mbili. Ikiwa imeshuka sana, mla nafasi si faili za muda, na kurudia hatua hizi hakutasaidia: rudi "Storage", bofya "Show more categories", uone ni fungu lipi lililo kubwa kuliko mengine. Mara nyingi huwa ni video za harusi zilizohamishwa kutoka kwenye simu, na hizo dawa yake ni diski ya nje.